Pamba Nyeupe ya Buswelu

Kwa miaka ishirini na miwili Wilhelmina Maige alifanya kazi moja tu, kupanga madaraja ya pamba. Chumba chake kilikuwa ghorofani, si mbali na stesheni ya reli ya Mwanza, chenye madirisha mapana yasiyopigwa na jua. Kila robota lililotoka viwandani lilikatwa kipande, kipande kikaletwa mezani kwake. Alikivuta kwa vidole gumba viwili mpaka nyuzi zikaachana, akazitazama mara moja, akataja urefu na daraja. Hakuwa mtu wa kurudia. Kuna wanunuzi wa ng'ambo walioipakia pamba ya Mwanza melini bila kufungua hata robota moja, kwa kuwa karatasi iliyoambatana nayo ilikuwa na saini yake.

Kazi hiyo hakuanza kujifunza mjini. Aliianza Buswelu, nyumbani kwa baba yake, akiwa msichana mdogo. Wakati wa mavuno mama yao alitandika mikeka miwili uani, mmoja wa pamba safi, mwingine wa fifi, yaani ile iliyoingia manjano au kuliwa na wadudu. Wilhelmina na mdogo wake Ngosha walikaa katikati wakichambua. Aliyechanganya alichapwa na mayu, kama walivyomwita mama yao. Wilhelmina alikwenda shule, Ngosha akabaki na jembe, lakini jicho lao lilibaki moja. Hata walipokuwa watu wazima, Ngosha alikuwa akimletea dada yake ofisini kiganja cha pamba yake kila mwaka, si kwa ajili ya kitu chochote, ila tu amwone akikivuta na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwaka 1994 serikali ilifungua biashara ya pamba kwa kila mwenye uwezo wa kununua. Ushirika uliokuwa peke yake sokoni tangu zamani sasa ulikuwa na washindani. Mwaka uliofuata, kabla ya mavuno, Wilhelmina alipata barua kutoka wizarani, Dar es Salaam. Iliandikwa na Muhidin Lukman.

Muhidin alizaliwa Mwanza, baba yake akiwa fundi cherehani. Aliwahi kuwa karani katika chumba kile cha madaraja kabla hajakwenda kusoma uchumi, na Wilhelmina ndiye aliyemfundisha kutofautisha nyuzi ndefu na fupi. Sasa alikuwa katibu wa kamati iliyopewa kazi ya kuandika mkakati wa taifa wa kuuza pamba katika nchi za Mashariki ya Mbali. "Viwanda vya kule ndivyo vinavyosokota nyuzi za dunia nzima siku hizi," aliandika. "Kila nchi inayolima pamba inagombea mlango ule. Mama, bila wewe sitaki kukaa kwenye meza hiyo."

Wilhelmina aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba. Alipanda treni ya Dar akiwa amevaa gauni lake la kanisani.

Kamati ilikuwa ya watu tisa, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Walikaa siku sita. Muhidin alieleza mambo kwa utulivu, akionyesha ramani na takwimu. Pakistani wanauza kwa bei ya chini. Uzbekistani imeingia sokoni na shehena kubwa. Wahindi wako karibu zaidi kwa meli. Tanzania ikitaka nafasi, pamba yake lazima ifike haraka na kwa gharama ndogo.

Siku ya nne walifika kwenye aya ya nne ya rasimu. Ilisema kwamba utaratibu wa kupokea pamba katika mafungu mawili, safi na fifi, kwenye vituo vya kununulia unachelewesha wanunuzi na kuwakatisha tamaa wafanyabiashara wapya. Ulipendekezwa ufutwe. Pamba yote inunuliwe kwa bei moja, uchambuzi ufanyike kiwandani.

Wilhelmina aliomba kusema.

"Kiwandani hakuna uchambuzi," alisema. "Mashine haina macho. Pamba ikishachanganywa gunia moja, basi, hakuna atakayeitenganisha. Na mkulima akilipwa sawasawa kwa safi na kwa fifi, kwa nini mke wake akeshe juani akichambua?"

Mjumbe mmoja, mfanyabiashara wa Dar, alitabasamu. "Mama, wewe unaongea habari za zamani. Soko huria lenyewe litamwadhibu mwenye pamba mbaya."

"Litamwadhibuje, kama pamba yake imelala gunia moja na ya jirani?"

Wakati wa chai Muhidin alimfuata barazani, akamshikia kikombe.

"Mama, nakuelewa," alisema. "Lakini aya hii wameshakubaliana wakubwa. Ukiikataa, wataipitisha na wewe watakuondoa. Ukisaini, nakuahidi utaandika mwenyewe sehemu ya ukaguzi. Wakaguzi kila kituo, wenye mamlaka ya kufungua gunia. Bora uwe ndani ya chumba kuliko nje."

Wilhelmina alimwangalia kijana huyu aliyemlea kikazi, akaona kwamba anasema kweli kama anavyoijua. Tena, asijidanganye, alikuwa ameonja utamu wa kuitwa mtaalamu mbele ya watu wakubwa. Usiku ule akaandika aya zake tatu za ukaguzi kwa mwandiko mzuri. Siku ya sita akasaini. Mkakati ulipochapishwa, aya ya nne ilikuwa ukurasa wa pili. Zile zake tatu zilikuwa mwishoni kabisa, kwenye kiambatanisho, na maneno "kadiri fedha zitakavyopatikana" yalikuwa yameongezwa na mkono asioujua.

Mwezi wa Mei alitumwa kuwaeleza wakulima utaratibu mpya. Buswelu alikwenda mwenyewe. Watu walikusanyika kwenye ghala la ushirika, wakasikiliza. Baadaye alikwenda kwa mdogo wake. Kashindye, mke wa Ngosha, alikuwa uani kwenye mikeka miwili, mikono ikienda kama inacheza. Wilhelmina akavua viatu, akakaa, akaanza kuchambua naye.

"Kumbe unatusaidia kazi uliyotufutia," Ngosha alisema akicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akachuchumaa karibu. "Dada, hebu niambie kwa lugha ya nyumbani. Safi na fifi bei moja?"

"Bei moja."

"Basi mayu alituchapa bure."

"Hakutuchapa bure, Ngosha. Watakuja wakaguzi. Pamba chafu itakataliwa. Wewe endelea kuchambua."

"Nitaendelea," alisema. "Sijui kufanya vingine."

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri, na watu wakasifu mageuzi. Wanunuzi walikuwa wengi, fedha zilitoka taslimu, malori yalifika mpaka vijijini. Msimu wa pili ndipo mambo yalipoharibika. Wanunuzi walikuwa wakikimbizana. Aliyefika kwanza alibeba chochote, usiku na mchana, bila kuangalia, maana akiangalia mwenzake atabeba. Watu wakagundua kwamba mizani haijui maji. Gunia likinyunyiziwa kidogo linakuwa zito. Likitiwa mchanga katikati linakuwa zito zaidi. Magunia yenyewe yakawa ya plastiki, yakichanika nyuzi zake zinajichanganya na pamba. Wakaguzi hawakuajiriwa. Fedha hazikupatikana.

Siku moja ya Julai Ngosha alikuja ofisini kwa dada yake. Hakuwa na kiganja cha pamba. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini.

"Jana nimepeleka pamba yangu kituoni," alisema. "Nyeupe, unaijua. Kashindye amechambua wiki mbili mpaka vidole vimetoka damu. Yule mnunuzi amelifungua gunia, akalimwaga juu ya lundo la wengine. Lundo lenyewe limelowa, dada, linanuka uvundo. Nikamwambia, bwana, hii ni safi. Akasema, mzee, pamba ni pamba, pisha wenzako."

Wilhelmina alikuwa na ripoti ya robo mwaka mbele yake. Simu ilikuwa imelia mara mbili kutoka wizarani, na ya tatu ilikuwa inalia.

"Vumilia, Ngosha," alisema, mkono ukiwa tayari kwenye simu. "Mwaka huu ni wa mpito. Yatarekebishwa."

Ngosha alisubiri kidogo. Alipoona dada yake ameanza kuzungumza na watu wa Dar, akavaa kofia yake, akatoka. Wilhelmina alimwona kupitia dirishani akivuka barabara, amekunja mgongo kama mtu aliyebeba kitu, na mikono yake ilikuwa mitupu.

Mwaka 1997 malalamiko yakafika kutoka ng'ambo. Kwanza barua, kisha mtu mwenyewe, mwakilishi wa viwanda vitatu vya Mashariki ya Mbali vilivyokuwa vimeanza kununua pamba ya Mwanza kwa mujibu wa mkakati. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye adabu nyingi. Muhidin alimsindikiza kutoka Dar. Katika chumba cha madaraja mzee yule alifungua mkoba wake, akatoa bahasha ya karatasi, akaikung'uta juu ya meza ya Wilhelmina. Mchanga ukamwagika, pamoja na nyuzi za plastiki za bluu na kipande cha kamba.

"Hivi vyote vimetoka kwenye robota moja," alisema kwa Kiingereza cha polepole, na Muhidin akatafsiri ingawa haikuhitajika. "Baba yangu alinunua pamba ya hapa. Alikuwa akisema, ya Mwanza usiifungue, utaichafua tu. Sasa mashine zetu zimesimama siku nne."

Wilhelmina aliuangalia mchanga ule juu ya meza aliyoipangusa kila asubuhi kwa miaka ishirini na mitano.

Muhidin alitaka mgeni aone hatua inachukuliwa. Akatoa amri kwamba kwa wiki mbili magunia yafunguliwe kwenye vituo, mbele ya watu, na mwenye pamba chafu atajwe jina, akataliwe, na gunia lake limwagwe chini. Ukaguzi uongozwe na Mama Wilhelmina, kwa kuwa ndiye aliyeandika kile kiambatanisho. Mgeni atafuatana nao siku ya kwanza. Na kituo kilicho karibu na mji, chenye barabara ya kupitika, kilikuwa Buswelu.

Walifika saa nne asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamekaa juu ya magunia yao. Walipomtambua Wilhelmina walimwamkia kwa heshima, "Shikamoo mama," naye akaitikia. Akapewa kisu. Gunia la kwanza lilikuwa zuri, la pili la kupita, la tatu lilikuwa na unyevu akalirudisha. La nne likapita.

Gunia la tano alipolichana, mkono uliingia kwenye baridi. Pamba ya juu ilikuwa kavu, nyeupe, iliyochambuliwa na mtu anayejua. Chini ya hiyo ilikuwa imelowa, na katikati kabisa kulikuwa na mchanga wa ziwani, ule mweupe mlaini, kiasi cha debe zima. Akavuta mkono wake. Ndipo alipoona alama ya rangi nyeusi ubavuni mwa gunia, herufi N iliyovutwa mkia, chapa ambayo baba yao aliwapiga ng'ombe zamani, na Ngosha akaifanya yake.

Aliinua macho. Ngosha alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, mikono ikining'inia. Nyuma yake alikuwa Kashindye, ameziba mdomo kwa upande wa kanga.

Watu wa Buswelu walijua gunia ni la nani, na walijua ni ndugu. Mgeni alikuwa ameinama anautazama mchanga. Muhidin alisubiri na kalamu yake. Wilhelmina baadaye alijiambia mara nyingi kwamba angeweza kusema gunia hili limelowa, lirudishwe, kama lile la tatu. Lakini siku ile alihisi macho ya mgeni kwenye mikono yake, na jina alilojenga kwa maisha yake yote likining'inia pale kwenye ncha ya kisu. Akauliza, kwa sauti ya ofisini,

"Mwenye gunia hili ni nani?"

Ngosha akasema, "Unamjua."

"Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu."

"Ni mimi. Ngosha Maige." Akalitamka jina la baba yao taratibu, kila silabi. Halafu akasogea, akamwangalia dada yake usoni. "Mwaka juzi nilileta nyeupe tupu, hakuna aliyefungua gunia. Mwaka jana nikaleta nyeupe, wakaimwaga kwenye uvundo. Mwaka huu nimeleta kama wanavyoleta wote, na leo ndiyo mmekuja kufungua."

"Ngosha—"

"Andika, dada. Andika jina."

Muhidin akaandika. Gunia likamwagwa chini kwenye vumbi, kama amri ilivyosema, ili iwe fundisho. Kashindye alipiga magoti akaanza kuichambua ile pamba ya juu, iliyo kavu, akiitenga na mchanga, mpaka mumewe akamshika bega akamwinua. Wakaondoka bila kuaga. Wilhelmina akafungua gunia la sita, na la saba, mpaka foleni ikaisha. Mikono yake ilifanya kazi, yeye mwenyewe hakuwapo.

Jioni aliomba gari limrudishe Buswelu. Alimkuta Kashindye peke yake.

"Hataki kukuona, wifi," Kashindye alisema, hakumkaribisha ndani. "Hana hasira. Angekuwa na hasira ningekwambia subiri, itapoa. Ana aibu. Alinikataza kutia ule mchanga. Mimi ndiye niliyesema, baba, wenzetu wanakula, sisi tunachambua. Alikaa siku mbili hasemi. Siku ya tatu akaenda mwenyewe ziwani na debe."

Mwezi uliofuata Ngosha aliuza maksai wake wawili na shamba, akavuka na familia kwenda upande wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Wilhelmina alipata habari siku nne baadaye, kutoka kwa katekista wa parokia.

Ukaguzi wa wiki mbili haukuokoa kitu. Mzee yule mwembamba aliandika barua nzuri ya shukrani, na viwanda vyake vikahamia kwenye pamba ya nchi nyingine. Kamati iliitwa tena kuandika mkakati wa pili. Safari hii Wilhelmina aliandika ukurasa mmoja tu. Alisema kwamba aya ya nne iliua jambo ambalo wakulima walikuwa wakilifanya wenyewe bila askari, kwamba heshima ya pamba ya Mwanza ng'ambo haikuwa katika maabara wala katika saini, ilikuwa kwenye mikeka miwili uani kwa watu, na kwamba yeye alilijua hilo na bado alisaini.

Muhidin alisafiri mpaka Mwanza kumrudishia ukurasa ule mkononi. Alikuwa ameanza kuota mvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hii siwezi kuipeleka, mama. Wataniuliza, kwa nini mtaalamu wetu anajishitaki? Wafadhili wataisoma."

"Basi wewe umeisoma," alisema Wilhelmina.

"Nimeisoma." Muhidin alikaa kwenye kiti cha wageni, akaangalia meza. Mwalimu na mwanafunzi wake, wote wawili walijua kwamba mkakati wa pili utaandikwa kama wa kwanza. Mwisho wa mwaka 1998 chumba cha madaraja kilifungwa kwa kukosa kazi. Meza zikapelekwa ghalani.

Alipostaafu, Wilhelmina alivuka kwa kivuko mpaka Kamanga, akapanda lori la mizigo kuelekea Geita. Ilimchukua siku nzima kuuliza njia. Ngosha alikuwa na nyumba ya matope ya vyumba viwili, amepanda mihogo na mpunga kidogo, na siku nyingine alishuka mashimoni. Alikuwa amekonda. Alipomwona dada yake njiani alitembea haraka kumpokea mzigo.

"Mhola?" alimjulia hali kwa Kisukuma.

"Mhola duhu," salama tu, alijibu Wilhelmina, na moyo wake ukapata matumaini.

Akatolewa kiti cha pekee kilichokuwapo, kikapanguswa kwa kitambaa. Akachinjiwa kuku. Akaletewa maji ya kunawa na mtoto aliyefundishwa kupiga goti vizuri. Kashindye hakumwita jikoni, ingawa zamani wasingemaliza kusonga ugali bila kucheka pamoja mle ndani. Chakula kilipoiva akatengewa firigisi, kama anavyotengewa mgeni wa heshima. Ngosha aliuliza habari za mji, habari za mvua, habari za pensheni. Hakuuliza habari za pamba.

Walipokwisha kula, Wilhelmina aliweka mikono magotini. "Ngosha, nimekuja kwa sababu ya siku ile."

"Yameshapita hayo," Ngosha alisema upesi, kwa upole. "Umesafiri mbali. Pumzika."

"Nataka nikuombe—"

"Usiombe kitu, dada. Ulikuwa kazini." Alinyanyuka kuangalia kama kuku wameingia bandani. Alikaa huko muda mrefu kuliko kuku walivyohitaji.

Kesho yake alimsindikiza mpaka barabarani, akimbebea mkoba na mkungu wa ndizi aliopewa na Kashindye. Lori lilipofika, alimsaidia kupanda mbele, akafunga mlango kwa uangalifu, akajaribu kama umeshika. Wilhelmina alimwuliza atakuja lini Mwanza.

"Mungu akijalia," alisema Ngosha. Kisha akamgeukia dereva. "Mwendeshe taratibu mama huyu. Ni mgeni, hajazoea njia zetu."

Dereva alikuwa mtu wa maneno. Walipopita kilima cha kwanza alimwuliza kama alikwenda kumwona mtoto.

"Ndugu yangu," alisema Wilhelmina. "Tumbo moja."

"Ulimkuta?"

Aliuweka sawa mkungu wa ndizi miguuni ili usigongegonge.

"Nilimkuta," alisema.